Subira ya Mwenye Hisa

Subira husifiwa katika kila kitabu cha adabu, na sisi Waswahili tumeifanya kuwa mvuta heri. Lakini iko subira moja ambayo sifa zake zastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa, nayo ni ya mtu aliyenunua hisa za kampuni itengenezayo kompyuta, kisha soko likaanguka naye hisa zingali mkononi mwake. Je, azishike au aziuze? Wafanya biashara hulijibu swali hili kwa hesabu. Mimi naliona kuwa ni swali la maadili pia, maana ukaidi waweza kuvaa joho la uvumilivu, na woga waweza kujiita busara.

Tutazame mambo yaliyotokea Marekani. Tarehe 10 Machi 2000 soko la Nasdaq, lenye kampuni nyingi za ufundi mpya, lilifika kilele. Kufikia Oktoba 2002 lilikuwa limepoteza zaidi ya robo tatu ya kipimo chake, wala kilele kile halikukipata tena mpaka mwaka 2015. Katika tufani hiyo zilikuwamo kampuni mbili za California, Sun Microsystems na Apple. Hisa ya Sun, iliyopita dola 60 mwaka 2000, ilikuwa chini ya dola 5 mwaka 2002. Ya Apple ilipoteza zaidi ya nusu ya bei yake kwa siku moja tu, tarehe 29 Septemba 2000. Aliyezishika za Apple leo huitwa mwenye hekima, kwani Agosti 2018 kampuni hiyo ilithaminiwa dola trilioni moja. Aliyezishika za Sun aliona bandu bandu ikimaliza gogo, hata Oracle ikainunua kampuni yenyewe Januari 2010.

Hukumu hiyo naitilia shaka. Mwishoni mwa mwaka 2000 wenye hisa hao wawili hawakujua habari za iPod, iliyotangazwa Oktoba 2001, seuze simu ya mwaka 2007. Kumsifu mmoja na kumcheka mwenziwe kwa yaliyotokea baadaye ni kuisifu bahati kwa jina la akili. Mtu na ahukumiwe kwa sababu alizokuwa nazo siku alipoamua.

Na sababu zilikuwapo kwa aliyezitafuta. Sun iliuza mashine zake kwa kampuni za intaneti. Nyingi katika hizo zilipofilisika, mashine zile zile zilirudi sokoni kama mitumba, zikashindana na mpya. Tena kompyuta za bei nafuu zenye programu ya Linux zilikuwa zikijifunza kazi ile ile. Basi aliyesema kwamba angoja bei irudi, alikuwa hangoji kitu ila namba aliyonunulia, na soko haliijui namba hiyo. Mwaka 2002 Scott McNealy, mkuu wa Sun, aliwauliza wanunuzi walifikiri nini walipolipa dola 64, bei iliyokuwa mara kumi ya mapato ya kampuni kwa mwaka. Swali zuri, lililokuja baada ya mazishi!

Wako wasemao kuwa kuuza ni usaliti. Sikubali. Fedha za hisa iliyonunuliwa sokoni zilikwenda kwa mwenye hisa aliyetangulia, hazikwenda kwa fundi wa kompyuta. Zito zaidi ni hili, kwamba hasara aikimbiayo muuzaji humwangukia mnunuzi. Ikiwa wote wawili husoma habari zile zile, sioni dhuluma. Ikiwa muuzaji ni mkubwa wa kampuni ajuaye siri, dhuluma ipo, na sheria ya Marekani humwadhibu.

Lakini ikiwa mali si yake? Mwenye fedha zake aweza kungoja miaka 15, akila muhogo kwa hiari yake. Msimamizi wa mali ya yatima hana ruhusa hiyo, maana ada ya shule hudaiwa mwaka huu, na mwenye kulala njaa ni mtoto ambaye hakuulizwa. Kwake yeye hisa za kampuni moja, iwe nzuri namna gani, zilikuwa nyingi mno hata kabla soko halijaanguka.