Binti Apendaye Hesabu na Wajibu wa Wazazi

Mtoto wa kike akifeli hesabu, lawama humwangukia mwalimu, kisha kitabu, mwishowe mtoto mwenyewe. Nyumbani kwao hazifiki. Ilhali tukisoma maisha ya wanawake waliotajika katika sayansi, tunakuta mara nyingi kwamba mlango wao ulifunguliwa au kufungwa na wazazi, kabla mwalimu yeyote hajawafahamu.

Sophie Germain alizaliwa Paris mwaka 1776. Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789, mitaani hakukuwa na usalama, akawa anashinda ndani akisoma vitabu vya baba yake. Humo akazipenda hesabu. Wazazi wake walikuwa na uwezo na walimtakia mema, lakini waliamini hesabu hazimfai msichana. Ili asikeshe akisoma, walimnyang'anya mishumaa, wakamnyima moto wa chumbani na nguo za joto. Walipolala, alijifunika mablanketi, akawasha mishumaa aliyoificha. Inasimuliwa kwamba asubuhi moja walimkuta amesinzia mezani, wino umeganda kwa baridi ndani ya kidau. Hapo wakasalimu amri, na baba yake akamgharamia maisha yake yote. Mwaka 1816 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimpa tuzo kwa kazi yake juu ya mitetemo ya mabamba. Watu humsifu kwa ushupavu, na anastahili. Ila ushupavu wa namna ile ni wa wachache. Mtoto wa kawaida akizimiwa taa hulala, na hakuna anayejua kilichopotea.

Mama yake Wangari Maathai hakuzima taa. Kijijini Ihithe, Nyeri, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, kaka yake Wangari, Nderitu, alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama kaka zake. Mama alikuwa na majibu ambayo jirani yeyote angeyakubali: kuna kuni, kuna maji, kuna shamba, na huyu ndiye binti mkubwa. Badala yake alisema hakuna sababu ya kumzuia, akampeleka. Kazi zilizobaki nyumbani hazikujifanya zenyewe. Kwa uamuzi ule mama alikubali kupungukiwa na msaidizi. Mwaka 1971 Wangari alipata shahada ya uzamivu katika anatomia ya mifugo, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufikia kiwango hicho.

Huko West Virginia, Marekani, Joshua Coleman aliishia darasa la sita. Mji wake haukuwa na sekondari ya watoto weusi. Akaikodia familia nyumba mjini Institute, karibu kilomita 200 kutoka kwao, ili watoto wasome, naye akabaki nyuma akitafuta riziki. Bintiye Katherine alihitimu chuo mwaka 1937 akiwa na miaka 18. Mwaka 1962, kabla ya kurushwa angani kuizunguka dunia, mwanaanga John Glenn alitaka hesabu za kompyuta zihakikiwe kwanza na binti huyo, Katherine Johnson.

Mama wa Ihithe hakufundisha biolojia, wala Coleman hakujua njia za vyombo vya angani. Walichotoa ni muda na nafasi, tena kwa gharama yao wenyewe. Huo ndio wajibu unaozungumzwa hapa, na mzazi asiyejua kusoma anauweza.

Tazama nyumba zetu nyingi saa moja jioni. Kaka yuko mezani na daftari. Dada yake, wa darasa lile lile, anachambua mchele, anaosha vyombo, anambembeleza mdogo wao. Anapopata nafasi ya kufungua daftari ni saa nne, macho mazito. Redio ikiharibika, anayeitwa kushika bisibisi ni mvulana. Na binti akisema anataka mchepuo wa sayansi, mama humwonea huruma: "Mwanangu, hayo magumu, hata mimi yalinishinda." Huruma hiyo humvunja moyo kuliko fimbo.

Wapo watakaosema kazi za nyumbani ni sehemu ya malezi. Ni kweli, mtoto asiyefanya kazi amedekezwa. Lakini kazi inayomfunza binti kuwajibika itamfunza na mvulana vilevile. Na kama ni kweli kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, basi binti huyu tunamlea aamini kwamba muda wake ni wa wengine.

Mzazi, anza na ratiba ya jioni. Vyombo vioshwe kwa zamu, wavulana wakiwemo. Binti apate saa yake ya daftari isiyokatizwa, na siku fundi akija nyumbani, asimame karibu aulize maswali. Si kila binti atakuwa mhandisi, wala si lazima. Lakini akiiacha sayansi, aiache kwa kupenda mwenyewe, si kwa sababu alizidiwa na masufuria.