Jembe Si Adhabu

Ndugu msomaji, ukitoka pwani ukafika Lipangalala, mjini Ifakara, utaona kuwa bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga. Mtoto wa kidato cha kwanza wa huko, mara nyingi, daftari lake limenunuliwa kwa jembe la wazazi wake. Basi fikiri: katika skuli nyingi za nchi yetu mtoto akichelewa hupewa jembe akalime, iwe ndiyo adabu yake. Amefunzwa nini hapo, ila kuwa kazi ya babake ni adhabu?

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea hakutaka hivyo. Alitaka wanafunzi walime, na pia washauriwe juu ya shamba na mavuno yake. Mahali pengi jembe lilibaki, shauri likapotea.

Nasi walimu wa chuo tusijitoe. Nami nimepata kumtuma mtoto kuchota maji kwa kuwa kasahau sura yake. Na Mtume (s.a.w.) akishona viatu vyake mwenyewe!

Mtoto wa miaka 13, mume au mke, mpe kipande chake cha shamba. Ahesabu mbegu, aulize bei, akate shauri: kipi kiuzwe, kipi kiwekwe ghalani. Akikosea, na akosee leo kwa debe moja, kabla hajawa na watoto wanaongojea chakula.

Na akichelewa skuli, mwalimu atafute adhabu nyingine.