Upanga wa Karatasi

Aweza mtu kudhulumiwa kitu kisichokuwapo? Kadhi angejibu upesi kwamba hawezi, kwa kuwa hakuna mali iliyotwaliwa wala mkono uliotwaa. Hata hivyo, wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, wamekuwa wakizozana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, na mzozo wao wastahili kusikilizwa hata na asiyepata kuuona mchezo wenyewe.

Huchezwa mezani, kwa maneno, karatasi na dadu. Mmoja huwa mwendesha mchezo: ndiye asemaye nyuma ya mlango mna nini, na ndiye mwamuzi. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, ambaye nguvu zake na vyombo vyake vimeandikwa karatasini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari ndiyo mali. Upanga wa uchawi uliotafutwa kwa mikesha mingi ni mstari mmoja wa kalamu ya risasi, na mwendesha mchezo aweza kusema: futa.

Kanuni za kale hazikuona haya kufuta. Katika nyongeza iitwayo Greyhawk ya mwaka 1975 alitokea mnyama wa kutu, ambaye vipapasio vyake vikigusa deraya, chuma chote huwa vumbi jekundu. (Umbo lake Gygax alilitoa kwenye kichezeo cha plastiki cha bei rahisi kilichotoka Hong Kong, kitisho kikubwa hakihitaji asili tukufu.) Kitabu cha mwendesha mchezo cha mwaka 1979 kina jedwali zima la ngozi, kioo, mbao, karatasi na chuma, kila kimoja na bahati yake mbele ya moto, umeme na asidi. Ambaye mhusika wake hakuweza kujikinga na mlipuko alikuwa na kazi ya kutupa dadu kwa kila alichobeba. Na katika Tomb of Horrors, iliyochapishwa mwaka 1978, mna tao ambalo mwenye kulipita hujikuta yu uchi, vyombo vyake vimepelekwa kwingine.

Miaka ikapita, na mnyama yule akang'olewa meno. Katika toleo la nne la mwaka 2008, akila kitu cha uchawi, thamani yake yaweza kurudishwa kutoka tumboni mwake akisha kuuawa. Katika toleo la tano la mwaka 2014, kutu yake haishiki kabisa chuma chenye uchawi. Wengi waliita hiyo huruma, lakini sababu ilikuwa hesabu zaidi ya huruma. Toleo la tatu, mwaka 2000, lilikuwa limekwisha kupanga kiasi cha mali anachotazamiwa kuwa nacho mhusika wa kila daraja. Tangu hapo, kumnyang'anya upanga kulikuwa sawa na kumkata mkono. Upanga ukaacha kuwa hazina, ukawa mshahara.

Asemaye kwamba ni mchezo tu, basi pasiwe na kilio, hajatazama vizuri. Katika bao, kete huliwa usiku kucha wala hakuna anayeomboleza kete, kwa kuwa kete hazina majina. Upanga huu una jina. Una usiku ule ulipopatikana, na mwenzao aliyekufa akiupigania. Hayo hayamo katika jedwali la bei, na upanga mwingine wa nguvu zile zile hauyalipi. Lakini mchezaji adaiye kwamba chake kisiguswe kamwe naye anaomba jambo gumu: abaki na fahari ya kuokoka bila ya kuwa hatarini.

Dhuluma, kama ipo, yatafutwe katika onyo. Mwendesha mchezo aliyekwisha kutaja bawaba zilizoliwa, vumbi jekundu sakafuni na mifupa isiyo na deraya, huyo ametenda haki. Mwenye upanga alipewa nafasi ya kumwachia mwenziwe nje na kuingia na rungu la mti. Na ni furaha kuona shujaa wa chuma akirudi nyuma huku mnyonge mwenye fimbo akitangulia. Ama yule aliyetoa upanga mkali mno mwezi uliopita, akajuta, kisha akamtuma mnyama kwenda kuutwaa, huyo ni mdhulumu, hata dadu zikitupwa mbele ya wote. Dadu zake ni pazia.

Inabaki hali iliyo ngumu zaidi: onyo lilitolewa, hila hapakuwa, dadu zimeanguka vibaya. Hapo hapana wa kushitakiwa, na huzuni ipo vile vile. Mwendesha mchezo mwenye adabu hataharakisha mambo. Atauliza vipande vilianguka wapi na ni nani aliyeviokota, naye mchezaji, badala ya kufuta, apige mstari juu ya jina, liendelee kusomeka.