Pande Mbili za Ubongo, Mtoto Mmoja



Mwaka mmoja, katika darasa la kipaimara hapa Mwankoko, nilikuwa na kijana asiyeweza kusema Kanuni ya Imani. Kila nilipomsimamisha aliishia katikati, akatazama chini. Wenzake walicheka. Nami, nakiri, nilikwisha kukata shauri moyoni kwamba hafai kupelekwa mbele ya Askofu. Siku moja nikamkuta machungani na mbuzi, akiiimba Kanuni yote kwa sauti aliyoitunga mwenyewe, pasipo kukosa neno.

Nilipomsimulia mwenzangu mmoja, alinijibu, "Huyo hutumia ubongo wa kulia. Watu wa namna hiyo hawawezi vitabu." Maneno hayo yalinituliza, kisha yakanisumbua. Je, ni haki kumgawa mtoto hivyo?

Usemi huo umetokana na kazi ya Roger Sperry, mtaalamu wa Marekani aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Yeye na wenzake waliwachunguza wagonjwa wa kifafa waliokatwa nyuzi ziunganishazo pande mbili za ubongo, ili kupunguza kuanguka kwao. Picha ilipoonyeshwa upande wao wa kushoto, habari yake ilifika ubongo wa kulia tu, na mgonjwa alisema hakuona kitu. Lakini mkono wake wa kushoto, ukipapasa vitu vilivyofichwa, ulichagua kile kile kilichoonyeshwa. Mkono ulijua jambo ambalo kinywa hakikuweza kulitamka.

Hayo ni kweli. Na kwa watu wengi usemi hutawaliwa zaidi na upande wa kushoto. Lakini angalieni: wale walikuwa wamekatwa, sisi hatukukatwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, wala hawakuona kwamba wako watu wa kushoto na watu wa kulia. Kwetu sote pande hizo hupeana habari daima.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya kwamba shule zilimfanya mtoto adhani maarifa yote yamo vitabuni, hata akawadharau wazee wake. Tena katika Kutoka, sura ya 31 na 35, Mungu anamjaza Bezaleli Roho yake, akampa hekima na ufundi wa dhahabu, mawe na miti, pamoja na moyo wa kufundisha wengine. Akili na mikono havikutenganishwa.

Basi nilimrudia kijana yule. Aliimba, nami nikamfuatishia kila neno kitabuni kwa kidole. Polepole akasoma. Wimbo haukuwa badala ya kitabu. Ulikuwa mlango wake wa kukiingia. Akawekewa mikono pamoja na wenzake.

Wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili, twaweza kumkosea mtoto kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumwita mjinga. Ya pili ni kumwambia kwa upole kwamba ameumbwa hivyo, kisha tukamwacha. Hii ya pili ni mbaya zaidi, maana haina sauti ya tusi, wala hakuna wa kuikemea.

Bwana atupe subira ya kuutafuta mlango wa kila mtoto. Amina.