Mali ya bima haina mwenyewe?

NIANZE kwa kukiri kosa. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika sekondari moja hapa Tabora. Wanafunzi wa kidato cha tatu nawafundisha mada ya amana, na dalili zake nazijua kwa kichwa. Pamoja na hayo, mwaka jana nilitia saini karatasi yenye uongo wa shilingi 380,000, tena nikiwa nimetoka kuswali Adhuhuri.

Ilikuwa hivi. Siku moja nilikuwa narudi kutoka Kwihara, nilikowapeleka wageni wangu kuliona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Tulipokaribia mjini, pikapu iliyobeba magunia ya mkaa ikachomoza kutoka njia ya pembeni, ikanigonga mbele kushoto. Alhamdulillah, hakuna aliyeumia. Kijana mwenye pikapu hakubisha. Alikiri kosa mbele ya trafiki, na bima yake ndogo ilikuwa hai. Kwa hiyo kampuni yake ya bima ndiyo iliyopaswa kunilipia matengenezo.

Gereji, fundi akaandika orodha: bampa, taa, boneti, madigadi, kunyoosha bodi na rangi. Kisha akaniita pembeni. "Ustadhi, shokapu zako za mbele zimekufa, na rejeta inavuja. Tuziingize humuhumu. Analipa bima, si wewe."

Shokapu zile zilikufa kabla ya Ramadhani. Rejeta nilikuwa naiongezea maji kila asubuhi. Nikasita. Fundi akanipa hoja tatu: kwanza, wale ni matajiri, hawataona pengo, pili, bima yenyewe ni haramu, kwa hiyo mali yao haina heshima, tatu, wao ndio wanaoanza kutudhulumu kwa kutuzungusha na kukata madai. Nikanyamaza, kisha nikatia saini.

Ndugu msomaji, wiki mbili baada ya gari kutoka gereji likaanza kuvuta kushoto. Tairi likawa linalika upande mmoja. Fundi mwingine aliponiangalizia akaniambia sehemu iliyogongwa haikunyooshwa sawasawa. Hiyo ilikuwa haki yangu kabisa kuidai. Lakini ningeidai vipi? Mkaguzi angekuja, angefungua mbele upya, na angeuliza habari za shokapu. Nikabaki napambana na usukani, nimeufyata. Dhulma niliyoifanya ilinifunga mdomo nisiseme dhulma niliyofanyiwa.

Hebu sasa tuzipime hoja za fundi, maana si zake peke yake. Tunazisikia barazani, na wengine tunazisikia ndani ya nafsi zetu.

Tuanze na hiyo ya uharamu, kwa sababu ndiyo inayovaa kanzu. Ni kweli kwamba Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha Jeddah mwezi Desemba 1985, lilisema bima ya kibiashara ya ada maalumu ina gharar kubwa na haifai, na likaelekeza kwenye bima ya ushirikiano, ambayo leo tunaiita takaful. Lakini nani alisema kwamba mkataba ukiwa na kasoro, mali ya mwenzako inakuwa halali kwako kwa uongo? Mtume (s.a.w.) alipohama Makka, Maquraysh walikuwa wamepanga kumuua. Wanavyuoni wa sira wanatusimulia kwamba alimwacha Ali (r.a.) nyuma ili arudishe amana za watu wa Makka zilizokuwa kwake. Wale walikuwa washirikina, na miongoni mwao walikuwamo maadui wa damu. Kama kulikuwa na mtu mwenye kisingizio cha kuondoka na mali ya watu, basi ni yeye. Hakuondoka nayo. Sasa sisi tunamzidi nani kwa uchamungu hata tuseme mali ya kampuni haina hukumu?

Tena tufikiri mbele kidogo. Takaful ni mfuko wa wachangiaji wenyewe. Kila mmoja anatoa sadaka ya kusaidiana, na aliyepatwa analipwa humo. Mkono uliozoea kuongeza shokapu kwenye bima ya kawaida hautabadilika kwa kuona neno la Kiarabu kwenye fomu. Tutakwenda na tabia yetu, na tutaubomoa mfuko wetu wenyewe.

Ama hoja kwamba hawataona pengo, hapo nairudisha safari ya Kwihara. Tabora hii, Unyanyembe ya zamani, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, akatembea nao takribani miezi mitatu hadi pwani. Mzigo si wake, na tajiri aliyetoa mtaji alikuwa Unguja, pengine mpagazi hajamwona maishani. Wapo waliotoroka na mizigo, lakini biashara isingedumu siku moja kama kila mbebaji angesema: mwenye mali yuko mbali, basi mali haina mwenyewe.

Tusiipambe njia ile, hata hivyo. Hiyohiyo ndiyo iliyopita watumwa. Wafanyabiashara waliokopeshana kwa neno tu, wakatimiziana ahadi baada ya mwaka na zaidi, baadhi yao hawakuona haki yoyote kwa binadamu waliofungwa minyororo. Uaminifu wao uliishia kwa wenzao. Aliyekuwa nje ya duara alikuwa halali kudhulumiwa. Nikijitazama, sikuona tofauti ya asili, ingawa uzito wa dhambi haulingani hata kidogo. Mimi siwezi kumwibia jirani yangu wa Isevya hata shilingi 100. Kampuni isiyo na sura, nikaiweka nje ya duara.

Imebaki ya kuzungushwa. Hii ina ukweli ndani yake. Nilizungushwa miezi mitatu: leo lete ripoti ya polisi, kesho bosi hayupo. Lakini dawa ya dhulma ni kudai haki, na njia ipo. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na juu ya kampuni iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Bima inapaswa kukurudisha ulipokuwa kabla ya ajali. Kabla ya ajali yangu nilikuwa na rejeta inayovuja. Basi nilistahili kurudishiwa gari zima lenye rejeta inayovuja.

Wapo watakaosema: mkaguzi alipitisha, kwa hiyo imeshakuwa halali. Tukumbuke hadithi ya Ummu Salama (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) aliwaonya wagombanao kwamba yeye ni mtu, huhukumu kwa anayoyasikia, na atakayepewa haki ya mwenzake kwa ufasaha wa maneno amepewa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haihalalishi mali ya uongo, muhuri wa mkaguzi utaweza?

Toba katika haki za waja haikamiliki bila kurudisha. Nikadunduliza miezi miwili, nikaenda ofisini kwao na 380,000. Karani akaniuliza, "Nani amekushitaki?" Nikamwambia hakuna. Akasema hawana fomu ya mtu kurudisha fedha. Nikakaa kwenye benchi hadi saa nane, ndipo wakaniandikia risiti. Siku hiyohiyo nikawasilisha barua kuhusu gari kuvuta kushoto. Safari hii niliongea bila kuinamisha macho. Walikuja kukagua, na gari likarudishwa gereji.

Nikampigia pia kijana wa mkaa kumwomba radhi. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, kumbe. Nilipokwenda kukata bima nyingine waliniambia gari lako limewala sana. Nikajilaumu mimi." Basi mali ile ilikuwa na mwenyewe. Na lawama nayo ilikuwa na mbebaji, amebeba mzigo ambao si wake.

Mwaka huu mada ya amana nimeifundisha tena. Safari hii nilianza na kisa cha shokapu. Allah atusamehe, na atujaalie kula kilicho chetu tu. Amin.