Namba ya Padri Mersenne na Kuchunguza Dhamiri



Mwaka 1644 padri mmoja mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alipiga chapa kitabu ambamo alizitaja namba kadhaa kuwa ni tasa. Namba tasa ni ile isiyogawanyika pasipo mabaki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7 au 13. Mojawapo ndiyo hii: zidisheni 2 kwa 2, na tena kwa 2, hata hizo 2 zitimie 67, kisha toeni 1. Mtapata 147.573.952.589.676.412.927.

Igawanyeni kwa 3, kuna mabaki. Kwa 7, vivyo hivyo. Kwa 11, kwa 13, hata kwa maelfu ya namba nyingine. Kwa macho ni nzima, haina ufa. Lakini mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, na ajabu ni hii: hakuweza kusema yagawanyika kwa namba zipi. Alijua ufa upo, asijue ulipo. Ndipo mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akazitaja mbili: 193.707.721 na 761.838.257.287. Kuzitafuta kulikuwa kazi kubwa sana. Kuzizidisha na kuhakikisha ni kazi ya mwanafunzi mwenye kalamu na subira. (Wala mtu asifadhaike kwa kuwa padri alikosea. Hakuna aliyepewa Daraja Takatifu ili asikosee hesabu.)

Basi, wengi wetu twajichunguza kwa namba ndogo tu. Sikuua, sikuabudu mizimu, sikukosa Misa ya Dominika. Hakuna kilichogawanyika, nasi twajiona wazima. Wengine, dhamiri ikiwasumbua, hufika kitubioni na kusema: «Padri, mimi ni mkosefu, nyumbani kwangu hakuna amani.» Huyo yu kama Lucas: asema kweli, lakini hajataja kitu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba dhambi za mauti ziungamwe moja moja, kadiri mtu azikumbukavyo baada ya kujichunguza kwa bidii. Basi aseme: «Nimempiga mke wangu, mara tatu tangu Pasaka.» Maneno hayo ni machache, na ni mazito kuliko yale ya kwanza. Hapo padri aweza kumwuliza kama amemwomba mkewe radhi, na kumwonya vikali. Kwa neno «amani» peke yake padri angemwambia nini? Na mke yule angebaki vile vile, akingoja mkono wa mumewe.

Wako pia wenye kuogopa kupita kiasi, wanaorudi kitubioni kila juma kwa hofu ya kuwa wamesahau jambo. Hao na watulie. Dhambi iliyosahauliwa pasipo hila, baada ya kujichunguza kwa moyo mnyofu, imeondolewa pamoja na zile zilizotajwa. Akiikumbuka baadaye, na ilikuwa ya mauti, ataitaja katika maungamo yanayofuata, na huku nyuma aweza kupokea Komunyo bila wasiwasi.