Je, Ni Halali Mtu Kujihurumia?



Jumapili moja baada ya Misa ya kwanza, katika parokia ambayo huenda kusaidia kazi za kiroho, mama mmoja aliningoja nje ya sakristia. Hakuja kuungama, angalikuja kuungama, nisingalithubutu kuigusa habari yake hapa wala popote. Alikuja kuuliza swali, naye ameniruhusu kulileta kwenu bila jina lake wala la kijiji chake, kwa kuwa, alivyosema, wako wengine wengi wanaolala nalo.

Miaka minne kabla ya siku ile, mtoto wake wa tatu, mvulana wa miaka miwili, alishikwa na homa jioni. Mvua ilikuwa ikinyesha, zahanati iko mbali, na mumewe alikuwa safarini. Mama alimpa dawa ya kutuliza homa, akamkanda kwa maji ya vuguvugu, na mtoto akalala. Akaona afadhali kungoja kupambazuke. Alfajiri mtoto alishikwa na degedege, na kabla hawajafika zahanati alikuwa amekwisha kufa mgongoni mwa mama yake. Mganga alisema ilikuwa malaria.

Tangu siku ile, aliniambia, ameungama neno hilo mara tatu, na mara tatu amepewa maondoleo. Hata hivyo hajathubutu kupokea Komunyo Takatifu. "Padre," akasema, "Mungu amenisamehe, naamini. Lakini mimi nikijisamehe, nitakuwa nimemsahau mwanangu. Je, ni halali mimi kujihurumia?"

Nami, niliyetoka seminari kuu miaka si mingi na vitabu vyake vingali kichwani, nilimjibu upesi kwamba kukataa kujisamehe baada ya Mungu kusamehe ni kiburi kilichojificha. Alinishukuru kwa heshima, akaenda zake. Pengine jibu hilo lingemfaa mtu mwingine; kwake yeye lilikuwa jiwe jingine juu ya mzigo. Juma zima sikupata raha, nikaona yanipasa kulifikiri swali lake upya.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika lugha yetu, mtu akisemwa kwamba anajihurumia, mara nyingi hasifiwi. Twamwaza mvivu aliaye kwa sababu ya jua, au mlevi anayelalamikia umaskini aliojitakia. Ndiyo maana Mkristo mwema huogopa neno hili. Adhani kwamba kujihurumia ni kujitetea, na kujitetea ni kuikimbia toba. Lakini huruma ya kweli haikusudii hivyo. Mkumbukeni Msamaria mwema wa Injili. Hakumwambia yule aliyepigwa na wanyang'anyi kwamba hana jeraha, wala hakumwuliza kwa nini alipita peke yake katika njia ya hatari. Alikaribia, akatazama, akayafunga majeraha. Mtu amtendeaye jirani yake hivyo twamsifu. Kwa nini basi tumhesabie kosa anayelitendea hivyo jeraha lililo ndani yake mwenyewe?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipoeleza utaratibu wa mapendo, alifundisha kwamba mtu ampende Mungu kwanza, kisha nafsi yake, kisha jirani. Kwa maana amri ya Bwana imeufanya upendo wa nafsi kuwa kipimo cha upendo wa jirani. Kipimo kikiwa kibovu, kila kinachopimwa kwacho kitapunjika. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 30 ya kitabu chake, amwonya mtu asiitoe roho yake kwa huzuni, akisema kwamba huzuni imewaua wengi wala haina faida. Basi Maandiko yenyewe hayakuona kuwa ni utakatifu mtu kujitesa.

Lakini, atauliza msomaji, je, majuto si jambo jema? Ni jema sana, nasi twafundishwa kuyaomba. Tofauti iko katika mahali yanapotupeleka. Usiku mmoja mitume wawili walimkosea Bwana wetu kosa kubwa: Petro alimkana, Yuda alimwuza. Wote wawili walijuta. Tena Yuda alikiri hadharani kwamba ametenda dhambi, na vile vipande 30 vya fedha alivirudisha, jambo ambalo wengi wetu hatufanyi. Lakini alikwenda peke yake na majuto yake. Petro alilia kwa uchungu, kisha akabaki pamoja na ndugu zake mpaka Bwana alipomkuta. Mwisho wa Yuda mbele ya Mungu si juu yetu kuuhukumu. Lililo juu yetu ni kujifunza kwamba majuto yaweza kumrudisha mtu nyumbani, na yaweza pia kumtoa nje usiku.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambaye Papa Pius XI alimweka mwaka 1923 kuwa msimamizi wa waandishi Wakatoliki, na kwa hiyo ni baba yetu sisi tufanyao kazi ya gazeti, aliyajua mateso haya. Alipokuwa mwanafunzi mjini Paris, yapata mwaka 1586, kijana bado, aliingiwa na wazo kwamba amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa waliopotea milele. Kwa majuma kadha aliteseka rohoni hata mwili ukadhoofika. Siku moja akaingia kanisani, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akajikabidhi kwa Mungu. Na giza lile likamtoka. Mwaka 1609, akiwa Askofu wa Geneva, alitoa kitabu cha kuwaongoza katika ibada watu wanaoishi duniani pamoja na kazi na jamaa zao. Humo alifundisha kwamba upole hatudaiwi kwa wengine tu, bali yatupasa kuwa wapole kwa mioyo yetu wenyewe inapoanguka. Alieleza kwamba mtoto hurekebishwa zaidi na maonyo ya baba mtulivu kuliko na ghadhabu yake, na moyo wa mtu ni vivyo hivyo. Angalieni kwamba hakuyafuta maonyo. Alitaka mwenye kuonya abadili sauti.

Wataalamu wa siku hizi wamefika karibu na mlango huo huo kwa njia nyingine. Mwaka 2003 Kristin Neff, mwalimu wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Texas huko Marekani, alieleza kwamba huruma kwa nafsi ina sehemu tatu: kujitendea kwa upole badala ya kujilaumu kwa ukali, kukumbuka kwamba kukosea na kuumia ni fungu la wanadamu wote, na kuyatazama maumivu yetu kama yalivyo, bila kuyaficha wala kuyakuza.

Sehemu ile ya pili ndiyo iliyonifanya nimkumbuke mama yule. Alijiona yuko peke yake chini ya mbingu. Lakini kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu wapatao 597,000 walikufa kwa malaria, na wengi wao walikuwa watoto wa Afrika wasiotimiza miaka mitano. Ni akina mama wangapi kati ya hao waliofiwa waliongoja kupambazuke? Malaria kali isipotibiwa ndani ya saa 24 yaweza kuua, na mama kijijini, usiku, hana chombo cha kupimia damu. Tulifundishwa katika katekisimu kwamba dhambi ya mauti yataka neno zito, ujuzi kamili na ridhaa kamili. Mama huyu hakuwa na ujuzi, wala hakuridhia kifo cha mwanawe. Alikosea kukadiria, akiwa mchovu na akiwa na mapendo. Na hata angalitenda dhambi ya kweli, Mungu amekwisha kuifuta. Kwa nini mtu aiandike tena kila asubuhi?

Lakini liko jambo zito zaidi. Mama yule ana binti wa kwanza, mwenye miaka kumi na miwili. Aliniambia kwa aibu kwamba binti huyo akivunja sahani, au uji ukifurika jikoni, hupata kipigo ambacho mama mwenyewe hakielewi. "Namwona mimi," akasema. Hapo ndipo twaona kwamba ukali tunaojifanyia haukai ndani yetu. Hakimu aliyezoea kukaa kitini moyoni mwetu usiku, mchana hutoka akawahukumu watoto wetu, wake zetu na waume zetu. Mtu hawezi kwa muda mrefu kuwapa wengine huruma ambayo yeye mwenyewe haamini kwamba ipo.

Jumapili iliyofuata nilimtafuta mama yule. Nilimwomba radhi kwa jibu langu la kwanza, tukaketi kwenye benchi, nikamwomba anisimulie habari ya usiku ule tangu mwanzo. Alisimulia kwa muda mrefu, nami sikumkatiza. Alipomaliza nikamwuliza: "Angalikuwa ni mdogo wako aliyekesha na mtoto usiku ule, ungemwambia nini?"

Akanyamaza. Kisha akasema: "Ningemwambia, hukujua, mdogo wangu. Ulimpenda."

"Basi, mama, kwa sheria gani mdogo wako apewe neno hilo, na wewe ulinyimwe?"

Hakunijibu, ila alilia, nami sikumwambia anyamaze. Na juu ya hofu yake ya kumsahau mwanawe, nilimwambia hivi: mtoto hakumbukwi kwa fimbo. Mwombee mama yako mwenyewe na ndugu zako waliotangulia pamoja naye, litaje jina lake katika sala za nyumbani, mweleze binti yako habari zake. Na jirani akiwa na mtoto mwenye homa, mhimize ampeleke upesi kupimwa damu, usiku au mchana, nawe ufuatane naye. Kumbukumbu ya namna hiyo yadumu, tena yaokoa.

Ndugu wasomaji, wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika nyumba zetu tuanze na mambo madogo. Jioni, tunapoichunguza dhamiri, tuyataje makosa yetu kwa ukweli, tutubu, kisha tuyaweke mikononi mwa Mungu na kulala, tusiyachukue kitandani. Tuendapo msibani, au jumuiya inapokutana kwa aliyefiwa, tuyameze yale maneno "ungalimpeleka mapema". Hayamfufui aliyelala, na aliye hai amekwisha kujiambia mara elfu. Mtoto akivunja sahani, afundishwe kushika vizuri, nasi tukumbuke vyote tulivyovunja. Na mtu ambaye huzuni imemnyima chakula na usingizi, au imemletea mawazo ya kutamani kufa, asinyamaze: amwambie ndugu, padre au katekista, aende na hospitali pia, maana moyo huugua kama mwili unavyougua, na kutafuta tiba si upungufu wa imani.

Kama swali lile lingaliulizwa tena leo, ningejibu kwamba ni halali mtu kujihurumia, tena ni wajibu, maadamu huruma hiyo haikatai ukweli wala haikomi kwake mwenyewe.

Majuma machache baadaye, wakati wa Komunyo, nilimwona mama yule katika mstari. Binti yake alikuwa mbele yake, na mkono wa mama ulikuwa begani pa mtoto.